Tundu la Ukuta na Tundu la Sheria

Zamani Waingereza walijenga ngome za mawe, nazo kuta zake zilikuwa na matundu marefu membamba. Kwa nje tundu lilikuwa jembamba, kwa ndani pana. Hivyo mpiga upinde aliweza kugeuka huku na huku akilenga, wala adui hakuona pa kumpiga. Tundu hilo ndilo liitwalo kwa Kiingereza loophole. Katika karne ya 17 neno hilo likapata maana nyingine: mwanya katika maneno ya sheria, ambao mtu mwerevu, kama huo ni werevu, huupitia asishikwe.

Mwaka 1696 ikatolewa huko Uingereza sheria ya kodi ya madirisha. Nyumba yenye madirisha 10 ililipa zaidi kuliko yenye 9. Basi wenye nyumba wakaziba madirisha kwa matofali! Hawakuvunja sheria, maana haikukataza kuziba. Lakini wapangaji maskini walikaa gizani, hewa haipiti. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1851, na baadhi ya madirisha yaliyozibwa yaonekana hata leo.