Wachuuzi wa Njia Panda ya Segera

Segera ni mahali katika wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, palipo njia panda mashuhuri. Barabara itokayo Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze hufika hapo na kugawanyika. Mkono mmoja huelekea mashariki, hupita Muheza na kufika Tanga kwenye bahari. Mkono wa pili hushika njia ya Korogwe, Mombo na Same, hata Moshi na Arusha. Mabasi mengi hupita hapo mchana na usiku, na wenyeji wengi hupata riziki yao kwa wasafiri.

Msafiri atazamaye dirishani huwaona wachuuzi wakilikimbilia basi, hali wamebeba machungwa, ndizi, mahindi ya kuchoma na maji. Huenda akadhani kwamba watu hao wanakimbia tu, nao hawana kazi. Sivyo hata kidogo. Kabla basi halijafika, kila mmoja wao amekwisha kufikiri ni kitu gani msafiri atakachotamani. Amekwisha kutoa fedha zake na kukinunua kitu hicho. Tena amekubali moyoni mwake kwamba pengine hakitanunuliwa. Siku hizi kazi ya namna hiyo huitwa ujasiriamali. Neno hilo ni jipya, limeungwa kwa maneno mawili, jasiri na mali. Lakini kazi yenyewe ni ya kale, maana Wazigua walipeleka nafaka zao pwani kuuza tangu zamani, kabla ya barabara na gari la moshi.

Chukueni mfano wa mama mmoja mwenye shilingi 30,000 zilizowekwa kidogo kidogo. Fedha hizo ndizo mtaji wake. (Bei zitakazotajwa hapa ni za mfano tu, maana bei ya machungwa hupanda na kushuka kwa msimu.) Alfajiri huenda Muheza, nchi ya michungwa, akanunua machungwa 200 kwa shilingi 20,000. Hulipa shilingi 5,000 za nauli na mzigo, na shilingi 1,000 za mifuko. Gharama zake zote ni shilingi 26,000. Kutwa husimama juani pale njia panda, akauza machungwa 150 kwa shilingi 200 kila moja. Jioni huona kwamba yaliyosalia yataharibika, basi huuza 30 kwa nusu ya bei. Machungwa 20 yamepondeka, hayafai. Hesabu ya mauzo ni shilingi 33,000.

Je, mama huyu amepata shilingi 33,000? Hapa ndipo wengi huanguka. Faida yake ni shilingi 7,000 tu. Zilizobaki ni mtaji uliorudi nyumbani. Kwa kuwa alibakiza shilingi 4,000 asubuhi, sasa mkononi ana shilingi 37,000, na mkono uliojaa hudanganya. Akitumia shilingi 12,000 kwa kitoweo na kitenge, atabaki na 25,000, wala kesho hataweza kununua machungwa 200 tena. Hakuibiwa, hakupata msiba. Ameila biashara yake mwenyewe pasipo kujua. Kwa ajili hiyo mchuuzi mwenye akili hutenga fedha za mtaji mahali mbali na fedha za kula, tena huandika. Daftari dogo la senti chache limeokoa biashara nyingi kuliko mkopo mkubwa.

Sasa fikirini ni watu wangapi wanaopata kitu kwa safari moja ya machungwa yale. Mkulima wa Muheza ameuza matunda ambayo kijijini kwake ni mengi hata hayana bei. Mwenye gari amepata nauli, na mwenye duka ameuza mifuko. Msafiri wa Arusha mwenye kiu amepata kitu ambacho asingekipata ndani ya basi. Mama amepata ada ya shule ya mwanawe. Chungwa ni lile lile, halikuongezeka ukubwa. Lakini limetolewa mahali palipo wingi likapelekwa mahali palipo haja, na hiyo ndiyo thamani aliyoiongeza mchuuzi. Watu husema mara kwa mara kwamba mchuuzi halimi wala hatengenezi kitu, ila hupandisha bei. Wasemao hivyo na wajaribu kwenda Muheza wenyewe kila waonapo kiu.

Uchumi wa nchi hufanywa na mambo madogo kama hayo yakiwa maelfu kwa maelfu, pamoja na mengine makubwa. Mkoa wa Tanga una kisa kikubwa cha namna hiyo, nacho ni cha mkonge. Katika mwaka 1893 Mjerumani mmoja, bwana shamba Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. (Wako wasimuliao kwamba miche ile ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa; ni hadithi tamu, lakini ni hadithi.) Mtu mwingine angaliona hasara ile akaacha. Miche 62 ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, ikazaa, na kwa miaka iliyofuata mashamba ya mkonge yakaenea hata Muheza na Korogwe. Tanganyika ikawa ya kwanza ulimwenguni kwa mkonge, na katika mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Lakini yafaa kusema kweli yote. Mali ile haikuletwa na ujasiri wa wenye mashamba peke yao. Ililetwa na mikono ya manamba, watu waliotoka mbali, wengine Kigoma, wengine Burundi na Msumbiji, wakakata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Mwenye kuanzisha jambo hutia mtaji wake katika hatari. Mfanya kazi hutia mwili wake. Kisha ulikuja wakati ambapo viwanda vya ng'ambo vilitengeneza kamba za nailoni na vitu vingine vya namna hiyo, zenye bei ndogo. Bei ya mkonge ikaanguka, na katika miaka ya 1990 nchi ilitoa chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Mji uliotegemea zao moja uliona taabu hiyo kabla ya miji mingine.

Kisa cha pili ni cha njia. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishuka mpaka Pangani, na mji ule ulikuwa na neema. Katika mwaka ule ule wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mizigo ikafuata reli, nayo bandari ya Pangani ikafifia. Wafanya biashara wa Pangani hawakuwa wavivu, wala bidhaa zao hazikuwa mbaya. Njia ilihama.

Wachuuzi wa Segera wanalo jambo hilo la kufikiri. Katika miaka hii imekuwa ikijengwa barabara ya lami ya pwani, itokayo Bagamoyo kwa njia ya Saadani na Pangani mpaka Tanga. Msafiri wa Tanga akiipata njia hiyo hana haja ya kupita Segera. Wasafiri wa Korogwe, Moshi na Arusha watapita bado. Lakini auzaye kwa mabasi ya Tanga peke yake ana mashaka. Mwenye busara huuliza mapema: ni mabasi yapi yanunuayo kwangu? Mwingine amekwisha kuanza kumenya machungwa kwa kisu, msafiri apate kula pasipo kuchafuka mikono. Wiki ya kwanza alipata faida njema. Wiki ya tatu jirani zake wote walikuwa wakimenya, na faida ikapungua. Hakuwa na haki ya kuwazuia, nao hawakumwibia. Sharti afikiri tena.

MASWALI

Kwa nini Pangani ilififia, hali watu wake walikuwa na bidii? Je, yaweza kuinuka tena, na kwa sababu gani?

Ni kitu gani alichokitia hatarini Hindorf, na ni kipi walichokitia manamba?

Mvua kubwa imenyesha, na mabasi ni machache. Mama mwenye mtaji wa shilingi 30,000 amenunua machungwa 200 kwa gharama zile zile. Ameuza 90 kwa shilingi 200, na 60 kwa shilingi 100, 50 yameoza. Amepata hasara gani? Ikiwa mvua itaendelea vivyo hivyo, naye hakula hata senti moja ya mtaji, ataweza kwenda Muheza siku ngapi mfululizo kabla ya kushindwa kununua machungwa 200?