MAJI YAJENGAYO MAWE

Mwalimu mmoja wa Tukuyu alikuwa akiwafundisha watoto habari za Mlima Kyejo, ambao ulitoa moto mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, je, moto ule umekwisha kabisa?" Mwalimu hakutaka kujibu kwa maneno matupu. Basi likizo ilipofika, alifunga safari kwenda kuziona chemchemi za maji ya moto za Songwe.

Iko mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja huingia Ziwa Nyasa, nao ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Wa pili hutelemka upande wa kaskazini hata Ziwa Rukwa. Mwalimu alipita Mbeya, akaelekea magharibi, akafika katika bonde la mto huu wa pili. Huko mzee mmoja akakubali kumwongoza.

Walipokaribia, waliona moshi mweupe ukipanda juu ya majani. Kumbe si moshi, ni mvuke. Maji ya baadhi ya chemchemi hizo hupata joto la karibu digrii 80, nayo maji yachemkayo kabisa ni digrii 100. Pande zote palikuwa na mawe meupe na ya kahawia, yamepangana tabaka juu ya tabaka.

Mwalimu akaona jiwe zuri ukingoni mwa maji, akainua mguu ili alifuate. Mzee akamshika mkono kwa nguvu. "Simama, Mwalimu! Hapo si nchi, ni kifuniko." Akapiga kwa fimbo yake mahali pale, ukoko mwembamba wa jiwe ukavunjika, na mvuke ukatoka kwa kishindo. Mwalimu alinyamaza kimya, maana alifahamu ya kuwa angaliungua vibaya. Kisha mzee akaokota kipande kilicholala njiani, akampa. "Chukua hiki kilichokwisha kuanguka. Kile usikivunje."

Shule zilipofunguliwa, mwalimu alikuja darasani na jiwe lile, chupa ya soda, na limau. Akafungua chupa, mapovu yakapanda. Akasema, "Hewa hii ni hewa ya ukaa. Hutoka hata hapa kwetu, karibu na Kyejo, ambako huchimbwa ili itiwe katika vinywaji. Chupa ikifungwa, hewa hukaa ndani ya maji. Ikifunguliwa, hewa hukimbia. Ndivyo ilivyo Songwe. Maji ya mvua huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hupata joto, na kuchukua hewa hii. Maji yenye hewa hiyo huyeyusha chokaa, huibeba isionekane. Yanapotokea juu, hewa hutoroka, nayo maji hayawezi tena kuibeba chokaa yote. Huiacha, ikawa jiwe."

Akaendelea, "Maji yakipita juu ya ukingo huwa membamba, na hewa hutoka upesi zaidi. Kwa hiyo jiwe huongezeka pale ukingoni, na nyuma yake hufanyika kidimbwi. Hivyo maji hujijengea ngazi."

Kisha akakwaruza jiwe kwa kisu, akakamulia limau juu ya unga wake. Unga ukatoa povu. "Tazameni! Hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe sasa inatoka."

Yule mtoto aliyeuliza akasema, "Basi, Mwalimu, moto hauonekani, lakini joto lingali chini." Mwalimu akajibu, "Umesema kweli."

Katika nchi ya Uturuki iko ngazi nyeupe ya namna hii, ijulikanayo sana duniani. Huitwa Pamukkale, maana yake Ngome ya Pamba. Watu wengi mno waliikanyaga hata ikaharibika. Kwa hiyo sasa kila mgeni huvua viatu kabla ya kupita juu yake. Haba na haba hujaza kibaba: maji hujenga kwa miaka mingi sana, na mguu mmoja huvunja kwa mara moja.

MASWALI
1. Kwa nini mzee alimshika mwalimu mkono?
2. Maji huiacha chokaa wakati gani, na kwa sababu gani?
3. Chupa ya soda na chemchemi ya Songwe zinafanana kwa nini?
4. Kwa nini wageni wa Pamukkale huvua viatu?