Mdogo wangu rubani, usinunue kwa kufuata mkumbo

Mdogo wangu, leseni umeipata, hongera sana. Sasa nasikia hulali, unahangaika ununue programu gani ya kupangia safari zako. Mwenzako pale uwanja wa ndege wa Wilson ana ForeFlight, na wewe roho haitulii, unajiona bila hiyo bado hujawa rubani. Tulia. Wengi wamepita hapo, wala si aibu. Ila nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kinachomfaa yeye huenda wewe kikakuacha uchi.

Hebu tazama kwanza mkononi una nini. ForeFlight ni ya iPhone na iPad, kwenye Android haipo. Ukiilipia huku una Samsung, utamlilia nani? Garmin Pilot inakubali kotekote. SkyDemon ya Uingereza, ile inayopendwa na marubani wa Ulaya, nayo inaingia kwenye Android. Na hiyo iPad ya mtumba unayoitamani, uliza kama inaingia laini au ni ya Wi-Fi tu. Ya Wi-Fi tu haina GPS ndani. Utafika angani ukute alama ya ndege imeganda kwenye ramani, mpaka ununue kipokezi cha pembeni. Muuzaji hilo hakuambii ng'o.

Halafu, chati za huku zimo? Zimo ndani ya bei uliyotajiwa, au zinalipiwa kando? Uliza kabla pesa haijatoka, maana baada ya hapo utabaki kununa tu. Taarifa za anga hubadilishwa kila siku 28, kwa hiyo programu ya bure isiyosasishwa usiitegemee hata kidogo.

Sasa nikugombeze kidogo. Programu inahesabu kile ulichoilisha. Ukiiachia namba za Cessna 172 ya kitabuni, na ya klabu yenu imechoka, mafuta yatakayoonekana kwenye kioo siyo yatakayokuwa kwenye tangi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana likiwaka, hewa inakuwa nyepesi na ndege inataka njia ndefu zaidi ya kuruka. Kaa na mwalimu wako, mjaze uzito, mafuta na mwendo wa ndege ileile unayoirusha. Kazi hiyo inachosha, najua, ndiyo maana watu wanairuka. Usiiruke.

Ukienda Malindi, pakua chati zote usiku kabla ya safari. Juu ya Tsavo usitegemee mtandao. Na tableti usiianike juani. Apple wenyewe wanasema iPad itumike penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Ikizidiwa inajizima, na hapo ndipo utakapoikumbuka ile chati ya karatasi uliyoidharau. Usiache mbachao kwa msala upitao, mpenzi wangu. Ikunje, iweke karibu na goti, na penseli juu yake.

Basi, wiki hii usilipie ya mwaka. Nyingi zinakuruhusu kujaribu bure kwa muda. Chukua mbili, panga safari moja ileile kwenye zote, kisha piga hesabu hiyo kwa mkono na ulinganishe. Zikipishana, mpelekee mwalimu akuonyeshe kosa liko wapi, ndipo ufungue pochi.