Kabla Hujamlipa Wakala wa Masomo ya Ng'ambo

Mzazi anayemlipa wakala ili mtoto wake akasome Finland au Kanada huwa ameambiwa mambo ya aina mbili. Kuna ya kesho: viza itatoka, kazi ya jioni itapatikana, karo ya mwaka wa pili mtoto atajilipia. Na kuna ya leo: tuna leseni, tuna mkataba na chuo, nafasi ya mtoto wako imeshapatikana. Ya kesho ndiyo humfanya mtu auze ng'ombe. Lakini siku mambo yakienda mrama, ni yale ya leo yatakayokusaidia mbele ya polisi na hakimu.

Sababu iko katika kifungu cha 312 cha Kanuni za Adhabu za Kenya. Kinaeleza udanganyifu kuwa ni kauli kuhusu jambo lililopita au lililopo sasa, ambayo mwenye kuitoa anajua si kweli au haamini kuwa ni kweli. Kifungu cha 313 kinamwadhibu anayejipatia mali ya mtu kwa njia hiyo kwa kifungo cha hadi miaka 3. Ahadi ya siku zijazo peke yake haitoshi, na mahakama zetu zimelisema hilo tangu zamani. Aliyekwambia "Septemba mtoto atakuwa Tampere" anaweza kusimama kizimbani akasema alijaribu, bahati ikakataa. Aliyekuandikia "nina mkataba na chuo hiki" ilhali hana, ameandika uongo unaoweza kuthibitishwa kwa barua pepe moja kwenda chuoni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie wakala aandike kwenye karatasi yenye jina la kampuni yake, atie sahihi na tarehe. Maneno yawe kama haya: "Kampuni yetu ina leseni nambari fulani. Tuna mkataba na chuo fulani, uliotiwa sahihi tarehe fulani. Mwanafunzi huyu amekubaliwa na chuo, na barua ya chuo imeambatishwa. Kati ya pesa hizi, kiasi hiki ni karo ya chuo na kiasi hiki ni ada yetu." Wakala wa kweli ataandika dakika ileile. Anayeanza kukueleza kwamba nafasi zinaisha leo jioni amekwisha kukujibu.

Wakazi wa Eldoret wanajua uzito wa jambo hili. Mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada, ulioanza 2021, uliwaacha wazazi wengi wakidai pesa zao, na baadhi ya wanafunzi waliokwisha kufika Finland wakakabiliwa na hatari ya kuondolewa chuoni kwa karo isiyolipwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini. Agosti ya mwaka huo, aliyekuwa gavana wakati wa mpango huo na ambaye sasa ni seneta, Jackson Mandago, alishtakiwa katika mahakama ya Nakuru pamoja na maofisa wengine watatu kwa madai ya kula njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni 1.1. Wote walikana mashtaka, na kuamua hatia ni kazi ya mahakama.

Nimesikia watu wakisema wazazi wale walikuwa wajinga. Sikubali. Waliona nembo ya serikali yao, wakaweka pesa benki, wakapewa stakabadhi. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba pesa zinapopita mikononi mwa ofisi ya umma, Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuuliza ziko wapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na hulipi chochote kulileta. Huhitaji wakili. Mwandikie katibu wa kaunti au mkuu wa ofisi husika: "Naomba nakala ya mkataba kati ya ofisi yenu na chuo, jina la mwenye akaunti inayopokea karo, na uthibitisho wa pesa zilizokwisha kutumwa chuoni kwa niaba ya mwanangu." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, mlalamikie Ombudsman, yaani Tume ya Utekelezaji wa Haki, nawe usikawie, kwa sababu malalamiko hayo yana muda wake: siku 30.

Kwa wakala wa kibinafsi, leseni ndiyo swali la kwanza. Kanuni za Vyuo Vikuu zinataka anayesajili wanafunzi nchini kwa ajili ya vyuo vya nje awe na leseni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Cheti cha kusajili biashara si leseni hiyo. Kibali cha kaunti cha kufungua ofisi mjini pia si leseni hiyo. Wala leseni ya kupeleka watu kazini Ghuba, inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, haimruhusu mtu kusajili wanafunzi, ingawa wapo wanaoitundika ukutani wakitumaini hutaisoma vizuri. Waandikie CUE uulize kuhusu kampuni kwa jina lake. Waulize pia kama chuo chenyewe kinatambuliwa, maana shahada hiyo itahitaji kutambuliwa hapa mtoto akirudi kutafuta kazi.

Anayekuahidi Kanada ana mzigo wa ziada. Sheria ya huko inakataza mtu kulipwa kwa kutoa ushauri wa viza kama si wakili au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao, na rejista ya washauri hao iko wazi kwenye intaneti. Muulize nambari yake, uitafute mwenyewe kwenye simu yako ukiwa umekaa mbele yake.

Karo ilipwe chuoni moja kwa moja. Barua ya kukubaliwa huwa na nambari ya mwanafunzi na maelezo ya benki, na benki yoyote ya hapa mjini inaweza kutuma pesa huko. Wakala alipwe ada yake tu. Hapo ndipo pia ninapowasihi wanaofanya harambee: msiruhusu kila mjomba atume mchango wake kwenye simu ya wakala. Mtabaki na jumbe thelathini za M-Pesa zenye majina thelathini, na siku ya kudai hakuna anayejua nani anadai nini. Kusanyeni kwenye akaunti ya mzazi, kisha pesa zitoke mara moja, kwa jina moja, stakabadhi iwe na jina hilohilo.

Kama pesa zinatokana na kuuza shamba la kilimo, sheria ya udhibiti wa ardhi inataka idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanyike, la sivyo mauzo hayana nguvu. Na kama ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai idhini ya mwenzi. Baba anayeuza kimyakimya ili "kumshtukiza mama kwa tiketi ya ndege" anapanda kesi nyumbani.

Kuna mawakala wanaojitolea kukukopesha pesa zikae benki kwa wiki kadhaa, zionekane tu, halafu warudishiwe. Kataa. Tangu Januari 2024, Finland inataka mwombaji aonyeshe euro 800 kwa kila mwezi, yaani euro 9,600 kwa mwaka, na pesa hizo ni za kula na kulala. Familia isiyokuwa nazo itamwacha mtoto kwenye baridi bila chakula, hata kibali kikitoka. Kanada ikigundua umedanganya kwenye maombi, inaweza kukufungia mlango miaka 5, na aliyetia sahihi fomu ni mwanafunzi, si wakala. Kuhusu kazi za jioni, Finland inaruhusu wastani wa saa 30 kwa wiki, na Kanada, tangu Novemba 2024, saa 24 nje ya chuo wakati wa muhula. Ruhusa ya kufanya kazi haimaanishi kazi ipo. Mpango wowote wa karo unaotegemea mshahara ambao bado haujapatikana ni deni.

Pasipoti ni ya mwanafunzi kuishika. Wakala akiikalia akidai salio, anakosea: ni mali ya serikali iliyokabidhiwa raia kwa haki ya Ibara ya 12, na haiwekwi rehani. Ripoti kituo cha polisi, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Na pesa zikiwa zimeshaliwa? Usikubali kufukuzwa na maandishi "pesa hazirudishwi" yaliyo chini ya risiti. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 haiachi mkataba ufute haki inazotoa. Ikiwa ulidanganywa kuhusu huduma, unaweza kuuvunja mkataba na kudai pesa zako, mradi umpe wakala notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba ufanyike, hata kama ulikuwa wa mdomo. Andika notisi hiyo, itume kwa njia itakayobaki na ushahidi. Nenda kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na ile karatasi ya mambo ya leo. Jumbe za WhatsApp usizifute wala kubadilisha simu kabla ya kuonana na mpelelezi. Picha za skrini pekee zinaweza kupingwa, na mahakama hutaka cheti kinachoeleza jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyotolewa.

Kwa dai lisilozidi shilingi milioni 1, Eldoret ina Mahakama ya Madai Madogo. Kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60, unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na hakimu hafungwi na ukali wa kanuni za ushahidi zinazowatisha watu. Dai kubwa zaidi huenda kwa hakimu wa kawaida, na hapo asiye na uwezo aombe msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Wazazi huniuliza kama lazima wamsubiri mtoto arudi kutoka ng'ambo ndipo wafungue kesi. Hapana. Anayedai ni aliyelipa, na ikiwa stakabadhi ina jina la mama aliyebaki Turbo au Moiben, ni yeye atakayefika mahakamani.