Kopi ya faili ya masini: ijaribuni mbele ya siku ya shida

Siku hizi pompi ya solea, masini ya kukausha mahindi, hata chumba cha baridi cha samaki vinaweza kufuatiliwa na kompyuta. Fundi anakuja, anapanga programu siku mbili tatu, anapokea malipo yake, anarudi kwake. Kazi yake yote inabaki ndani ya faili moja: faili ya mradi. Kompyuta ikikufa, munaweza kununua ingine Bunia. Ile faili haiuzwi dukani.

Tuchukue tanki la maji lenye urefu wa metre 5. Kile kifaa kinachopima maji, mafundi wanakiita kapta, hakitumi neno "metre". Aina nyingi zinatuma umeme kidogo tu: miliampere 4 tanki likiwa tupu, 20 likijaa. Ikituma 12, maji yako nusu, ni kusema metre 2,5. Nani anajua hayo? Ni faili ya mradi. Ikipotea, kapta itaendelea kutuma 12 yake, lakini kompyuta haijui tena kama ni maji, ni joto, ao ni nini. Na kengele ya chumba cha baridi iko humo humo. Isipolia usiku, asubuhi munakuta samaki wameoza.

Hesabu za kila siku mara nyingi zinakaa pahali pengine, si ndani ya mradi. Kwa hiyo fundi asiondoke bila kuandika kwenye karatasi: mradi uko wapi, hesabu ziko wapi, toleo la programu ni namba gani, nenosiri ni lipi. Toleo lina maana sana, juu faili ya toleo jipya mara nyingi inakataa kufunguka kwenye toleo la zamani.

Kama programu iko na amri yake ya kuhifadhi kopi, tumieni hiyo. Inakusanya vipande vyote. Kama haiko, fungeni programu kwanza, kisha kopini folda nzima. Wengi wanakopi ile picha ndogo ya kwenye sura ya kompyuta. Ile ni njia tu ya kufikia faili, uzito wake kilooctet 1 ao 2, na ndani hamna kitu. Kuna pia virusi za flashi zinazoficha faili na kuacha picha kama hizo. Hatupokei gunia bila kulipima. Na kopi ni vilevile, angalieni uzito wake. Katika jina andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi na siku, mfano 2025-03-14, ili kopi zijipange zenyewe.

Flashi iliyo katika droo moja na kompyuta inasaidia kidogo tu. Hapa Tchomia munajua: mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, watu wa Djugu walikimbia vita na kuvuka ziwa kwenda Uganda, na 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda mpaka kwenye makao. Mafundi wanashauri kopi tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwetu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi ya mweka hazina, moja Bunia ao kwenye barua pepe siku reseau inapita. Mufanye hivyo kila mwezi, na kila mara fundi anapobadilisha kitu.

Sasa kurudisha, ambako naona watu wanapuuza. Chukueni kompyuta ingine yenye toleo lile lile, isiyofungwa kwenye masini, mufungue kopi hapo. Usijaribu kwenye ile inayoongoza pompi: mradi wa zamani unaweza kutuma amri za zamani, pompi ikawaka bila mtu kujua. Siku ya shida yenyewe, kabla ya kurudisha, kopini kwanza kile kilichobaki, hata kama kimeharibika. Usiandike juu yake.

Mukimaliza, musiamini sura ya kompyuta tu. Ingizeni fimbo ndani ya tanki mupime. Kama fimbo inasema 2,5 na kompyuta inasema 1,8, ondoeni pompi kwenye otomatiki, muiendeshe kwa mkono, na muite fundi.