SOMO LETU: ALIYEJIFUNZA AMFUNDISHE MTOTO

Ndugu msomaji, sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua uchungu wa kutojua. Barua ikija, ulimtafuta mtoto wa jirani akusomee, na siri yako ikatembea kijiji kizima. Leo tunasoma wenyewe. Je, ujuzi huu tuufanyie nini? Tuwasaidie watoto ambao bado hawajaanza Darasa la Kwanza.

Tulikotoka

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Walimu wa shule peke yao wasingeiweza kazi ile. Wengi waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea: wakulima, mafundi, na vijana waliomaliza Darasa la Saba. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Ulipofanyika mtihani wa taifa Agosti 1975, wasiojua walikuwa wamepungua hadi 39 katika kila 100.

Huko Mombasa nako, Bi Swafiya Said na wenzake walianza mwaka 1986 kufungua shule za awali katika madrasa. Walimu walikuwa akina mama wa palepale. Vifaa walitengeneza wenyewe.

Shida yetu

Sera ya Elimu ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Lakini kwetu Nyamwage, na katika vijiji vya bonde la Rufiji hadi Kibiti, msimu wa kilimo ukifika watu huhamia kwenye madungu kulinda mpunga. Wadogo huenda nao. Mtoto huyo akiingia Darasa la Kwanza hajawahi kushika kitabu. Wenzake wanasoma, yeye anatazama tu. Huona haya, hunyamaza, mwisho hutoroka shule.

Tufanyeje?

1. Tuonane kwanza na mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wa darasa la awali. Tusimvute mtoto huku na yeye akimvuta kule.

2. Tuchague kivuli cha mwembe, karibu na maji na choo. Mkeka wa ukindu unatosha. Wasimamizi wawe wawili siku zote.

3. Tuanze na mdomo: hadithi, vitendawili, nyimbo. Mtoto anayesema Kindengereko nyumbani tumweleze kwa Kindengereko, kisha kwa Kiswahili.

4. Ndipo tuandike mchangani: a, e, i, o, u. Kisha ma, me, mi, mo, mu. Ma na ma ni mama! Halafu tumwonyeshe jina lake. Kuhesabu tutumie vifuu vya nazi na kokwa za maembe.

5. Somo liwe fupi, kisha wacheze. Tusimpige mtoto wala kumcheka. Anayeogopa hajifunzi.

Kujitolea si kuonewa

Tuseme kweli. Mara nyingi huanza watu kumi, palizi ikifika anabaki mmoja. Si mvivu yule aliyeondoka. Naye ana shamba lake, na watoto wake wanataka kula. Kwa hiyo tufundishe kwa zamu. Wazazi nao wamlimie mwalimu siku moja kila palizi. Jambo hili lisemwe katika mkutano wa kijiji na liandikwe, maana neno la mdomo husahaulika.

Faida inaturudia sisi wenyewe pia. Jembe lisilolima hushika kutu, na msomaji asiyesoma husahau. Ukimfundisha mtoto herufi, nawe unazishika zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maneno ya kukumbuka

Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari bila kudai mshahara.
Elimu ya awali: mafunzo ya mtoto kabla ya Darasa la Kwanza.
Zamu: kupokezana kazi.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kitongoji chenu, ni watoto wangapi wa miaka 4 na 5 hawaendi darasa la awali? Kwa nini?
2. Nani atamlimia mwalimu wa kujitolea wakati wa palizi?
3. Andika majina ya watoto watano utakaoanza nao.