SOMO: KIJIMEA KINACHOFUATA MWANGA



Siku moja mama mmoja wa darasa letu alituletea chupa ya maji ya lambo. Maji yalikuwa ya kijani. Alikuwa ameiacha dirishani kwake tangu asubuhi. Mchana alikuta kijani kimejikusanya upande wa dirisha. Upande wa ndani maji yalikuwa yamepungua rangi. Akauliza, "Mwalimu, kitu hiki hakina macho wala miguu. Kimejuaje dirisha liko wapi?"

Swali hilo ni zuri. Tulijibu sote pamoja.

Kijani hicho ni nini?

Kijani hicho ni mwani, yaani mimea midogo ya majini. Iko aina nyingi. Aina moja huitwa klamidomonasi. Mhindi una chembe hai nyingi mno: za mizizi, za shina, za majani. Lakini kijimea hiki kina chembe hai moja tu, nayo hufanya kazi zote. Ukivipanga vijimea 100 katika mstari, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita 1 hivi. Kwa macho tu hatuwezi kukiona kimoja peke yake. Wataalamu hukitazama kwa hadubini.

Kwa nini kinataka mwanga?

Kama mhindi, kijimea hiki hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, maji na hewa ya ukaa. Kikikaa gizani kinapata njaa. Lakini jua likiwa kali mno hukidhuru, basi hukimbia.

Kinaogeleaje?

Mbele kina mijeledi miwili, myembamba kama nyuzi. Huipiga kama mtu anavyoogelea kwa mikono miwili, mara 50 hivi kwa sekunde moja. Huku kikienda mbele, hujizungusha kama pia, mara 2 hivi kwa sekunde.

Kinahisije mwanga?

Ubavuni kina doa moja jekundu. Juu ya doa hilo, penye ngozi yake, pana sehemu inayohisi mwanga. Doa ni kama pazia nyuma ya sehemu hiyo. Mwanga ukija kutoka nje upande wa doa, unahisiwa. Ukija kutoka upande wa pili, pazia linauzuia.

Haya, tujaribu. Jioni jua linapotua, simama uwanjani, fumba macho, ujizungushe polepole. Ukilielekea jua, utahisi mwanga kupitia kope. Ukilipa kisogo, utahisi giza. Mwanga, giza, mwanga, giza. Hivyo ndivyo kijimea kinavyohisi kikiwa hakijalielekea jua.

Mwanga unapopiga pale ubavuni, vilango vidogo sana hufunguka katika ngozi yake. Mwaka 2002 wataalamu wa Ujerumani walieleza jinsi vilango hivyo vinavyofanya kazi. Vikifunguka, mjeledi mmoja hupiga kwa nguvu kuliko mwenzake. Je, mtumbwi ukipigwa kasia zaidi upande mmoja huwaje? Hugeuka. Kijimea nacho hugeuka kidogo kidogo. Kikishaelekea mwanga, hata kikijizungusha, ubavu wake haupati tena mwanga na giza kwa zamu. Mijeledi hupiga sawasawa, nacho huenda moja kwa moja.

Jicho lake na jicho la mtoto wako

Vilango hivyo haviwezi kuhisi mwanga bila kitu kiitwacho retinali. Retinali imo pia ndani ya jicho la mtu. Tofauti ni hii: kijimea hujitengenezea chenyewe. Sisi hatuwezi, mpaka tupate vitamini A katika chakula.

Mtoto akikosa vitamini A, dalili moja ya mwanzo ni kutoona vizuri giza linapoingia. Wenzake bado wanacheza, yeye anajikwaa, anapapasa kutafuta bakuli lake. Tusiseme amerogwa, wala tusingoje. Tumpeleke zahanati upesi. Akiachwa, anaweza kupofuka kabisa. Na ugonjwa kama surua ukimpata, unaweza kumwua.

Basi tumpe mchicha, matembele, majani ya maboga, maembe mabivu, mapapai, karoti, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mboga tuziunge kwa mafuta kidogo, maana mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Mawese mekundu yana faida mbili: ni mafuta, tena yana lishe hiyo. Mayai na maini pia yanafaa. Na watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wapelekwe kupata matone ya vitamini A siku zinapotangazwa.

Tahadhari: maji ya kijani si dawa ya macho, wala si ya kunywa. Baadhi yake yana sumu.

Maneno mapya

Chembe hai: sehemu ndogo kabisa yenye uhai katika mmea au mnyama.
Hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo sana.
Hewa ya ukaa: hewa tunayoitoa tunapopumua, ambayo mimea huitumia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kijimea hugeuka mwanga unapokipiga ubavuni?
2. Jicho la mtu na kijimea hiki vinafanana kwa kitu gani?
3. Jana watoto wetu walikula mboga gani? Leo jioni tutawapikia nini?